Hadithi za Usawa wa Lazima: Nani Anashika Mizani?

Mwalimu mmoja wa sekondari anayeishi Kondele, Kisumu, ameniandikia hivi: "Mwalimu, hujambo? Tuna kikundi chetu cha kusoma, hukutana Jumamosi jioni. Safari hii tulisoma hadithi fupi ya Kurt Vonnegut iitwayo 'Harrison Bergeron'. Mwenzetu mmoja, mfanyabiashara, akasema hadithi hiyo imemaliza ubishi: ukitaka watu wawe sawa, sharti uwanyang'anye uhuru. Akaendelea kwamba sare za shule, basari na nafasi za upendeleo zote ni njia ya kuelekea huko huko. Nilihisi hoja yake inachechemea lakini sikujua niishike wapi. Je, ni kweli hadithi za aina hii zinasema usawa na uhuru haviwezi kukaa nyumba moja? Na kati yake, ipi niwape wanafunzi wangu wa kidato cha tatu?"

Mwalimu mwenzangu, sijambo, na pole kwa kubanwa mbele ya watu. Huyo mwenzenu ana haki katika jambo moja: hadithi hiyo inatisha, na yote yanayotisha ndani yake yanatendwa kwa jina la usawa. Anapopotea ni pale anapoamini kwamba usawa wenyewe ulipatikana. Turudi kwenye hadithi polepole, maana ni fupi mno na watu wengi huikumbuka juu juu.

Vonnegut aliichapisha mwaka 1961 na kuiweka katika Marekani ya mwaka 2081. Katiba imeongezwa marekebisho ya 211, 212 na 213, na sasa hakuna anayeruhusiwa kumzidi mwenzake kwa akili, sura, nguvu wala wepesi. George, babake Harrison, ana akili nyingi, kwa hiyo amewekewa kijiredio sikioni. Kila baada ya sekunde ishirini hivi kinampigia kelele kali ili wazo lolote alilolianza limtoke. Shingoni anabeba mfuko wa marisau wa kilo 21 hivi, umefungwa kwa kufuli. Mkewe, Hazel, anamwonea huruma na kumshauri atoe punje chache apumzike. George hathubutu: kila punje inayotolewa ni miaka miwili gerezani na faini ya dola 2,000. Kwenye televisheni wachezaji wa ballet wanaruka na mizigo mwilini na vinyago usoni, na mtangazaji, kama watangazaji wote wa zama hizo, ana kasoro ya usemi inayomfanya ashindwe hata kuwasalimu watazamaji.

Hapo anaingia Harrison. Ana miaka 14, urefu wa futi saba, amebebeshwa vyuma vya kilo 136, na ametoka kutoroka jela. Wasomaji wengi humpigia makofi papo hapo, na nadhani mwenzenu naye alipiga. Lakini sikiliza kijana anasema nini akishika studio. Anajitangaza kuwa Mfalme Mkuu, anataka kila mtu amtii mara moja. Anawaahidi wapiga muziki kwamba wakipiga vizuri atawapa vyeo vya kikabaila. Wanapopiga ovyo, anawanyakua wawili kutoka vitini na kuwapunga hewani kama vijiti. Kabla ya hapo amekwisha kuvunja mizigo yake na kumchagua mchezaji mmoja awe malkia wake, na sasa wanacheza mpaka wanaigusa dari. Ni sehemu nzuri sana, nakiri huisoma kwa sauti darasani. Halafu anaingia Diana Moon Glampers, ofisa ambaye ningemwita Mlemaza Mkuu wa Taifa, akiwa na bunduki ya mitutu miwili, na kuwaua wote wawili. Nyumbani Hazel analia mbele ya televisheni, na muda mfupi baadaye hakumbuki alichokuwa akikililia.

Kwa hiyo tuna watawala wawili katika kurasa chache. Mmoja anawashusha wote, mwingine anataka wote wapige magoti. Vonnegut hakutuachia wa kumshangilia.

Sasa mtazame Glampers vizuri. Hatuambiwi kama amebeba mzigo wowote. Tunachoambiwa ni kwamba ana bunduki, na kwamba akishaua anawaamuru wanamuziki warudishe mizigo yao haraka la sivyo watawafuata waliokufa. Nchi ambayo mtu mmoja anaingia studio, anaua, na hakuna wa kumuuliza, ina usawa gani? Misuli imelinganishwa, sura zimelinganishwa, lakini madaraka, ambayo ndiyo yanayoamua nani abebe nini, hayakuguswa. Hilo ndilo ningemwambia mwenzenu: hadithi ya usawa wa lazima haina usawa ndani yake. Kuna watu wanaopimwa na kuna mtu anayeshika mizani, na huyo wa mwisho hapimwi. Wewe uliyefundisha "Shamba la Wanyama", tafsiri ya Fortunatus Kawegere, unajua nguruwe walivyofika vitandani huku amri ya usawa ingali imeandikwa ukutani.

Mwenzenu si wa kwanza kuigeuza hadithi hii rungu. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Casey Martin, mcheza gofu wa kulipwa mwenye ugonjwa wa mguu aliyeomba kupanda kigari uwanjani wenzake wakitembea. Alishinda kwa majaji saba dhidi ya wawili. Jaji Antonin Scalia, mmoja wa hao wawili, alifunga maoni yake kwa kuiga sentensi ya mwanzo ya Vonnegut, akaweka mwaka 2001 mahali pa 2081. Mwaka 2005 hadithi hiyo hiyo ilifika mahakamani katika jimbo la Kansas. Mawakili wa upande wa wilaya tajiri walikuwa wakipinga ukomo uliowekwa juu ya fedha ambazo wilaya zingeweza kujiongezea kwa shule zao. Vonnegut alikuwa bado hai, na gazeti la huko likamuuliza. Akasema hadithi yake inahusu akili na vipaji, haihusu mali. Na kwamba wanaolemazwa Kansas ni watoto wa maskini, wanaopewa elimu mbovu hata wawe na vipawa vya namna gani. Mzee huyo alikuwa msoshalisti hadi kufa kwake mwaka 2007, na hakuchoka kumnukuu Eugene Debs, mwanasiasa wa wafanyakazi. Kumfanya nabii wa matajiri ni kazi ngumu kidogo.

Linganisha kesi ya Martin na ya George uone. George ameongezewa mzigo ili afanane na mnyonge. Martin ameondolewa mzigo ili afike uwanjani walipo wenzake, kisha apige mpira wake mwenyewe kwa mikono yake mwenyewe. Yote mawili huitwa kusawazisha, lakini mkono unaelekea pande tofauti kabisa.

Nyinyi watu wa magharibi mwa Kenya mna mfano ulio karibu zaidi. Fikiria sheria ya Vonnegut ifike Iten, mji wa wanariadha, alfajiri, vijana wakishuka barabarani mazoezini. Ofisa anasimama kwenye lango la mji na mifuko ya mchanga, anampa kila mmoja kilo kulingana na muda wake wa marathoni, ili wote wamalize pamoja na mzee wa kijiji. Hapo mchezo umekufa. Lakini Januari 2020 shirika la World Athletics liliamua kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40, na kwamba kiatu kiwe kimeuzwa madukani kabla ya kuvaliwa mashindanoni. Hiyo nayo ni kanuni ya usawa, tena ya lazima, yenye adhabu. Hakuna aliyeiona kama utumwa, kwa sababu iligusa viatu na kuiacha miguu. Ilitaka atakayeshinda awe amekishinda kifua cha mwenzake, asiwe ameshindiwa na maabara ya kampuni.

Na hili la nafasi za upendeleo lilishapita mahakamani kwetu. Mwaka 2011 mpango wa kuchagua wanafunzi wa shule za kitaifa ulitenga nafasi kwa namna iliyowapa watoto wa shule za umma sehemu kubwa, na upande wa shule za binafsi ukaenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba watoto wao wanabaguliwa. Ombi lilitupwa. Mahakama ilieleza kwamba si kila tofauti katika kuwatendea watu ni ubaguzi. Lazima uangalie hali waliyotoka. Ibara ya 27 ya Katiba yetu ndiyo inayobeba fikra hiyo: inampa kila mtu usawa mbele ya sheria, na papo hapo inaitaka serikali ichukue hatua za kuwainua waliobaguliwa zamani. Unaweza kuupinga mpango ule wa 2011 kwa sababu nyingi nzuri. Mzazi aliyejinyima akamlipia mtoto karo akademi ya mtaani ana uchungu wa kweli, na mimi nimekaa na wazazi wa aina hiyo hapa Nakuru. Lakini mtoto wake hakufungiwa redio sikioni asiwaze. Alibaki na akili yake yote, na wazazi wakabaki na haki ya kwenda kushtaki. Katika hadithi ya Vonnegut hakuna mahali pa kushtaki.

Sare ya shule sitaipotezea muda. Inaficha nani ana nguo ngapi. Ikianza kuficha nani anafikiri nini, niandikie tena.

Sasa tuingie kwa babu wa hadithi hizi zote, Yevgeny Zamyatin, Mrusi aliyeandika riwaya "We", yaani "Sisi", mwaka 1920 na 1921. Ilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924. Wasomaji wa Muungano wa Kisovieti waliisubiri hadi 1988. Humo watu hawana majina, wana namba. Msimulizi ni D-503, mhandisi. Wanaishi kwenye majumba ya kioo ili kila mmoja aonekane, wanavaa sare, wanatafuna kila tonge mara hamsini kwa amri, wamezungukwa na Ukuta wa Kijani. Jambo ninalolipenda kwa D-503 ni kwamba anajivunia hayo yote, kisha analalamika kwa dhati kwamba kazi haijakamilika: pua za watu bado hazifanani, na maadamu kuna pua nzuri na pua mbaya, wivu utaendelea kuwapo. Mwaka 1960 Mwingereza L. P. Hartley aliichukua hatua hiyo iliyosalia. Katika riwaya yake "Facial Justice", wanawake wenye sura nzuri kupita kiasi wanashinikizwa wakapasuliwe wapewe uso wa wastani, ili wengine wasiumie rohoni.

Katika "We" kuna uchaguzi kila mwaka. Mgombea ni mmoja, Mfadhili, na watu hupiga kura hadharani kwa kunyoosha mikono. Mwaka wa hadithi hiyo, kwa mara ya kwanza, maelfu wanainua mikono kupinga. Kesho yake gazeti la dola linaandika kwamba kura zao hazistahili kuhesabiwa. Ukiwasomea jambo hili watu waliokuwa watu wazima mwaka 1988, hutahitaji kuwaeleza. Mlolongo wa mchujo wa KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, ulikuwa hivyo: unasimama nyuma ya mtu wako mbele ya chifu na mbele ya jirani, kila mmoja anakuona, na kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Wote walikuwa sawa pale uwanjani, mkulima na mwalimu, jua lile lile kichwani. Aliyekuwa akihesabu hakuwa sawa nao.

Mpaka hapa nimekuwa nikimkabili mwenzenu kwa mifano inayonipendeza. Ipo mingine inayonisumbua, na itakuwa udanganyifu nikiificha.

Wa kwanza ni "The Giver" ya Lois Lowry, ya mwaka 1993. Hapo hakuna Glampers. Hakuna bunduki wala gwaride. Jumuiya ya Jonas, mvulana mhusika mkuu, imechagua zamani kuondoa tofauti: vilima vimesawazishwa, theluji imekomeshwa, hata rangi hazionekani tena. Kila mtoto akifika miaka kumi na miwili Wazee wanamtangazia kazi yake ya maisha. Watu wana adabu, wanaombana radhi, hakuna njaa. Mtu wa kumchukia ni nani hapo? Ndiyo maana nasema kitabu hiki cha watoto kinakata zaidi kuliko vya watu wazima. Kisha Jonas anaonyeshwa rekodi ya babake kazini. Babake hulea watoto wachanga, na ni mtu mpole. Mapacha wamezaliwa, wanafanana, na kanuni haitaki wawili wanaofanana. Anawapandisha mmoja mmoja kwenye mizani. Mzito anapelekwa kulelewa. Mwepesi anachomwa sindano utosini na babake Jonas, huku akisemeshwa kwa sauti nyororo ya mlezi, kisha maiti inatupwa kwenye mfereji wa taka. Mizani iko pale mezani, lakini aliyeishika hajui anachokifanya, kwa sababu kumbukumbu zote za mauti na huzuni zimekabidhiwa mzee mmoja azibebe peke yake. Tazama basi: hata huku kwenye upole, mzigo umegawanywa vibaya kuliko kokote. Mmoja anajua yote na wengine hawajui lolote. Jumuiya imenunua utulivu wake kwa ujinga, na ujinga huo ndio unaowafanya wasione kwamba wamefungwa.

Mfano wa pili unaniumiza zaidi kwa kuwa msingi wake si wa kubuni. Ng'ambo ya ziwa lenu, Ukerewe, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, na riwaya yake "Gamba la Nyoka" ya mwaka 1979 inasimulia wanakijiji wanaohamishwa kwa nguvu kupelekwa vijiji vya ujamaa. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa na nia njema, na Nyerere mwenyewe awali alisisitiza kwamba ujamaa hauwezi kulazimishwa. Mwaka 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Kezilahabi haandiki jinamizi la mwaka 2081. Anaandika vichekesho vya huzuni vya watu ambao nyumba zao zinabomolewa ili wafanane na mpango. Hapa siwezi kumwambia mwenzenu kwamba usawa ulikuwa kisingizio tu cha mtu mwovu. Waliotaka usawa waliutaka kweli, na walioupoteza uhuru waliupoteza kweli. Rafiki yenu akiitaja Tanzania ya miaka ile, mkubalie. Kisha muulize ni lini hasa mambo yaliharibika: mwaka watu walipoambiwa ni ndugu, au mwaka waliponyimwa ruhusa ya kubaki walipokuwa?

Kwangu mimi mpaka unapita hapo, kwenye mlango. Akina mama wa chama pale Kibuye wanatoa kiasi kile kile kila wiki, mwenye duka la jumla na muuza omena, na wanapokea kwa zamu bila kujali nani ana mtaji. Ni usawa mkali, wenye faini kwa anayechelewa. Lakini aliingia mwenyewe, anaweza kumuuliza mweka hazina daftari liko wapi, na zamu yake ikiisha anaweza kutoka. Ukuta wa Kijani wa Zamyatin hauna mlango. Jonas analazimika kutoroka usiku. George hawezi kuivua mizigo hata sebuleni kwake.

Na kama yupo mwandishi aliyejaribu kuandika usawa wenye mlango, ni wetu: Katama Mkangi. "Walenisi" ilitoka mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo katika nchi yenye dhuluma, anatiwa ndani ya chombo cha kumwangamiza, anafaulu kukiendesha, na anatua Walenisi, nchi ambayo watu wanaishi kwa kugawana na ambayo jina lake lenyewe linatamkika kama ungamo kwamba wale ni sisi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na mwaka 1986 alitiwa kizuizini bila kesi. Aliujua ukuta kwa mgongo wake. Riwaya yake haina mtu anayelemazwa ili mwingine aonekane bora, watu wanainuana. Malalamiko yangu ni kwamba Walenisi kumetulia mno. Nataka mtu mmoja kule aamke na kununa, aseme hataki kugawana leo, nione watamfanya nini. Usawa haujapimwa mpaka amekuja mtu wa kuukataa, na mwandishi aliyetoka kizuizini alikuwa na haki zaidi ya wengine ya kutuonyesha jibu.

Kuhusu kidato cha tatu, anza na hiyo hiyo ya Vonnegut. Vipindi viwili vinatosha. Kabla hawajaisoma, waambie kila mmoja aandike kwenye karatasi bila jina: ukipewa ofisi ya Mlemaza Mkuu wa shule hii, utaanza kumwekea nani mzigo, na mzigo gani? Zikusanye, uzisome zote kwa sauti baada ya kumaliza hadithi. Usimtafute aliyeandika nini. "The Giver" ni Kiingereza chepesi na wataimaliza wakati wa likizo, ila tukio la mapacha lisome nao wewe mwenyewe darasani, usiwaachie peke yao bwenini. "We" ngojea, ni kavu kwa umri wao, isipokuwa ile sehemu ya pua na ile ya kura, ambazo unaweza kuwasimulia. "Gamba la Nyoka" itawachekesha.

Mfanyabiashara wenu mpelekeeni "Walenisi". Vonnegut ameshamfanya rafiki yake; Mkangi atamkera, na Jumamosi hiyo mtachelewa kufunga kikao.